UZI: Boksi letu bado liko DPDK 16.11, seva mpya imefika, KNI haipo tena. Hii maktaba imepitia wapi?

Kijana wa Kikwajuni (#1)

Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo.

Nina boksi nimelirithi kazini. Kampuni yetu ndogo ya intaneti hapa Unguja, wateja wengi ni mahoteli ya Nungwi na Paje, na majumba ya mjini. Kati ya ruta ya mpakani na minara kuna seva moja inayogawa spidi: huyu megabiti 10, yule 50, hoteli ile 200. Aliyeiandika programu yake kahamia Maskati na simu hapokei. Ni C tupu juu ya maktaba ya DPDK, toleo 16.11. Inafanya kazi, sina lawama nayo. Tatizo seva yenyewe: feni zimechoka na kadi ya mtandao ni ile X520 ya zamani. Bosi kanunua seva mpya yenye Intel E810.

Nimeweka Linux ya kisasa, nikajaribu kukompaili. Moduli ya igb_uio haitaki kujengeka na kerneli mpya (kerneli ndiyo kiini cha Linux). Ya rte_kni, yaani KNI inayounganisha programu na mtandao wa kerneli, nayo makosa ukurasa mzima. Na hata zingejengeka zote mbili, DPDK ya 2016 haiijui E810 hata kwa jina. Basi nikachukua DPDK mpya. Huko nako hakuna `make` ya kujengea, hakuna KNI, na nusu ya majina tuliyokuwa tunayaita hayaitiki.

Naomba mnieleze hii maktaba imepita njia gani mpaka ikafika hapa, na kwa nini. Nikienda kwa bosi nataka niwe na maneno ya kusema. Na tafadhali nisiambiwe nikasome nyaraka, nimeshazisoma.

Fundi Minara (#2)

Wa aleikum salaam. Mie kazi yangu kupanda milingoti, mnistahmilie. Hiyo DPDK hasa inafanya nini? Linux si ina mtandao wake ndani tayari?

Mwl. Tunguu (#3)

Inao, na kwa kazi nyingi unatosha.

Njia ya kawaida ni hivi. Pakiti ikifika, kadi inaiandika kwenye kumbukumbu kisha inapiga hodi kwa prosesa. Hiyo hodi ndiyo intarapti. Kerneli inaacha ilichokuwa inafanya, inaipokea pakiti, inaitengenezea makaratasi yake, inaipitisha ngazi kwa ngazi, inainakili kwenye soketi, ndipo programu yako inaamshwa. DPDK haingoji hodi. Imetoa kiti barazani, inatazama njia usiku na mchana, na pakiti ikitokea inaichukua mkononi bila kupita ukumbini kwa kerneli.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Piga hesabu. Fremu ndogo kabisa ya Ethernet ni baiti 64. Ongeza baiti 20 za utangulizi na pengo baina ya fremu, unapata 84. Waya wa gigabiti 10 ukijaa fremu hizo unabeba pakiti milioni 14.88 kwa sekunde, yaani kila pakiti ina nanosekunde 67.2 tu. Kwa prosesa ya gigahezi 3 hiyo ni kama mizunguko 200. Kukosa kitu kwenye kashe, ile kumbukumbu ndogo ya karibu na prosesa, ukakifuata kumbukumbu kuu mara moja tu kunaweza kukumalizia bajeti yote, hujafanya kazi yoyote bado. Kwa gigabiti 100 gawanya kwa kumi: nanosekunde 6.72.

Ndiyo maana ndani ya DPDK kila kitu kimepangwa kwa uchoyo wa mizunguko. Kumbukumbu inaombwa mapema kwa kurasa kubwa za megabaiti 2 au gigabaiti 1, ili prosesa isihangaike kutafsiri anwani. Bafa za pakiti zimeshatengwa kabla, hakuna kuomba na kurudisha kila saa. Pakiti zinachukuliwa kwa mafungu, mara nyingi 32 kwa mkupuo. Kila kori (kiini kimoja cha prosesa) imefungwa kwenye kazi yake moja na haihamishwi. Foleni baina ya kori hazina kufuli.

Kwa haki ya kerneli niongeze: nayo haikulala. Tangu ilipopata NAPI, miaka ya mwanzo ya 2000, trafiki ikiwa nyingi inazima intarapti na kuchungulia foleni yenyewe.

Fundi Minara (#4)

Nimeelewa mpaka baraza. Hayo ya kashe nitayapokea kwa imani.

Mwl. Tunguu (#5)

Sasa historia, maana kijana ndiyo aliyoiulizia.

Vyombo vya mtandao vya wakati ule vilitumia prosesa maalumu. Intel yenyewe ilikuwa nazo, familia ya IXP, ikazikabidhi kwa Netronome mwaka 2007. Hoja iliyokuja baadaye ndani ya Intel ilikuwa kwamba Xeon ya kawaida inaweza kufanya kazi hiyo, ila programu isogee karibu na chuma. Anayetajwa kuwa baba wa DPDK ni Venky Venkatesan, mhandisi wa Intel aliyefariki 2018. Ilitoka mwaka 2010 kwa leseni ya BSD, na wakati huo watu waliita "Intel DPDK", na kweli ilikuwa ya Intel: kadi zake, prosesa zake.

Hawakuwa peke yao. Luca Deri alikuwa na PF_RING. Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa akaja na netmap, na makala yake ya 2012 ilionyesha kori moja ya megahezi 900 ikimaliza hizo pakiti milioni 14.88. Hiyo namba iliwashtua wengi, maana ilithibitisha kwamba chuma kilikuwa na uwezo siku zote na mzigo ulikuwa kwenye programu. Mie binafsi naiona netmap ilikuwa safi kuliko DPDK kimuundo. Lakini usafi hauleti wafadhili, na nyuma ya DPDK kulikuwa na kampuni inayouza prosesa.

Mwaka 2013 kampuni ya Ufaransa, 6WIND, ikafungua dpdk.org, na Thomas Monjalon ndiye aliyekuwa akipokea viraka (marekebisho ya msimbo) vya watu. Hapo ndipo ilipoanza kuwa mali ya umma. Toleo 1.8 la Desemba 2014 likaingiza prosesa za POWER za IBM. Toleo 2.2 la Desemba 2015 likaingiza ARM na draiva ya mlx5 ya Mellanox. Baada ya hapo namba zikawa za mwaka na mwezi, 16.04, 16.07, 16.11. Kwa hiyo kijana, toleo lako ni la Novemba 2016, na lilikuwa la kwanza kupewa matunzo ya muda mrefu. Jamaa yako wa Maskati hakuchagua ovyo.

Aprili 2017 mradi ukahamia Linux Foundation. Hili watu wanalipita haraka lakini lina uzito. Watengenezaji wa ARM na wa kadi nyingine wasingemwaga wahandisi wao kwenye nyumba ya mpinzani. Ilipokuwa chini ya taasisi isiyouza prosesa, wakaingia. Faida unaiona. Hasara pia unaiona: kila aliyeingia alikuja na sanduku lake. Usimbaji, ukandamizaji wa data, matukio, utafutaji kwa ruwaza (regex), hata kazi za redio za simu. Ilianza maktaba ya kuhamisha pakiti, sasa ni mji.

Kijana wa Kikwajuni (#6)

Ahsante sana mwalimu. Lakini kwa nini KNI iuawe? Kwetu KNI ndiyo njia ya SSH (kuingia kwa mbali) na BGP (kupashana njia na ruta nyingine) kuingia kwenye boksi. Bila hiyo tumefungiwa nje.

BiMkubwa wa Wete (#7)

Nimekaa kimya nikisoma, sasa naingia.

Mwalimu kahadithia vizuri, ila kahadithia nani alimpokea nani. Mie nataka mtazame mwelekeo. Hii maktaba ilitoka kwa kerneli kwa kishindo, na tangu 2016 au hivi inarudi nyumbani kidogo kidogo, usiku, kwa mlango wa nyuma.

Anza na igb_uio. Ile moduli kazi yake ilikuwa kuichukua kadi kutoka kwa kerneli na kuikabidhi kwa programu yako moja kwa moja. Nzuri, ila kadi inaandika kumbukumbu yenyewe, na programu yenye kosa inaweza kuiambia iandike popote, hata juu ya kerneli. Hakuna mlinzi. Linux ikaleta VFIO mwaka 2012, ambayo inatumia kizuizi cha chuma kinachoitwa IOMMU: kadi inaona kumbukumbu uliyoiruhusu tu. Polepole VFIO ikawa ndiyo njia inayopendekezwa, na kufikia 20.11 igb_uio ikatolewa kwenye mti mkuu ikawekwa kwenye hazina yake ya pembeni, dpdk-kmods. Haijafa, imehamishiwa shamba.

Angalia Mellanox. Wao hawakukubali tangu mwanzo kumnyang'anya kerneli kadi. Kwa mlx5 kadi inabaki na draiva yake ya Linux, unaiona kwa `ip link` kama kawaida, na DPDK inachukua foleni zake pembeni. Watu wa Intel walikuwa wanawacheka. Leo sioni anayecheka.

Sasa KNI yako. KNI ilikuwa moduli ya kerneli inayoishi nje ya kerneli. Maana yake kila Linux ikibadilisha jambo ndani, mtu wa DPDK lazima akimbie kuitengeneza. Hakuna aliyetaka kazi hiyo, na njia mbadala zilikuwepo tayari: `virtio_user` ikizungumza na vhost-net ambayo imo ndani ya Linux yenyewe, na draiva ya TAP iliyokuja 17.02. Zote zinakupa kiolesura cha mtandao upande wa kerneli, SSH na BGP vinapita, na hakuna moduli yako ya kujenga. Wakatangaza mapema kwamba KNI itaondoka, na 23.11 ikaondoka. Wewe ulikuwa umelala 16.11 hukusikia tangazo.

Halafu kubwa kuliko yote: kerneli nayo ikamfuata mtoro. XDP iliingia Linux 4.8 mwaka 2016. Unaandika programu ndogo ya eBPF, kerneli inaikagua, kisha inaendeshwa ndani ya draiva, pakiti ikiwa bado mbichi. Mwaka 2018 ikaja AF_XDP kwenye Linux 4.18, soketi ya kupeleka pakiti hizo kwenye programu yako bila kuzunguka ngazi zote. DPDK ilifanya nini? Ilijiandikia draiva ya AF_XDP kwenye 19.05. Yaani maktaba ya kumkwepa kerneli ina draiva ya kupitia kwa kerneli.

Kwa hiyo bosi akikuuliza kwa nini programu imevunjika, mwambie hivi: ilijengwa juu ya zile sehemu ambazo DPDK yenyewe imezijutia.

Mwl. Tunguu (#8)

Bi Mkubwa, "imezijutia" ni neno kali. Igb_uio ilihitajika wakati mashine nyingi hazikuwa na IOMMU inayoaminika. Na tusisahau Januari 2018: Meltdown na Spectre, kasoro za usalama za prosesa, zilipotangazwa, kuingia na kutoka kwenye kerneli kukawa ghali zaidi kwa sababu ya viraka vya usalama. Mwaka ule waliokuwa nje ya kerneli walikuwa wakinywa kahawa.

Lakini mwelekeo wako sikatai.

BiMkubwa wa Wete (#9)

Ukikubali nusu mwalimu, mie nachukua. Kijana, hebu bandika sehemu ya msimbo wako, ile ya kupokea pakiti.

Kijana wa Kikwajuni (#10)

Hii hapa, nimeifupisha:

```
uint8_t port;
for (port = 0; port < rte_eth_dev_count(); port++) {
    n = rte_eth_rx_burst(port, 0, bufs, 32);
    ...
    struct ether_hdr *eth = rte_pktmbuf_mtod(bufs[i], struct ether_hdr *);
    if (bufs[i]->ol_flags & PKT_RX_VLAN_PKT) ...
```

Na tunaiwasha kwa `-w` ya anwani ya kadi na `--socket-mem`. Ugawaji wa spidi wote umo kwenye `rte_sched`.

BiMkubwa wa Wete (#11)

Mistari mitano hiyo, na karibu kila mmoja una kaburi lake.

`uint8_t port`: namba ya bandari ilikuwa biti 8, mwisho 256. Mashine pepe zilipoanza kurundikana haikutosha, 17.11 ikaifanya biti 16. Msimbo wako utakompailika, na hilo ndilo baya, maana unaweza kukata namba bila onyo. Badilisha kila mahali, usichague.

`rte_eth_dev_count` imepisha `rte_eth_dev_count_avail` tangu 18.05, kwa sababu kadi siku hizi zinaweza kuingia na kutoka mashine ikiwa inakwenda, basi "ngapi zipo" na "ngapi zinapatikana" yakawa maswali mawili.

`struct ether_hdr` iligongana na majina ya mfumo wenyewe, 19.08 ikawekewa `rte_` mbele. Kisha 21.11 ikabadilisha hata majina ya anwani ndani yake, na bendera zote za `PKT_RX_` zikawa `RTE_MBUF_F_RX_`. Hii ni kazi ya `sed`, chombo cha kubadilisha maneno kwa mkupuo, na chai, si ya akili.

`-w` imekuwa `-a` tangu 20.11. `make` nayo ilikwisha hapo hapo. Meson, chombo kipya cha kujengea, ilikuwa imeshaingia tangu 18.02, kwa hiyo watu walipewa muda.

Kumbukumbu: mpaka 18.02 DPDK ilikamata kurasa kubwa zote mwanzo na kuzishikilia. Kuanzia 18.05 inaomba na kurudisha kadiri ya haja. Kama programu yenu inategemea anwani za fizikia zifuatane, kuna `--legacy-mem`, lakini ichukulie kama gongo la mgonjwa.

`rte_sched` hiyo ndiyo itakayokutoa jasho. Zamani kila mteja alikuwa na madaraja 4 ya trafiki yenye foleni 4 kila moja. Mwaka 2019 wakaivunja: madaraja 13, kumi na mawili ya kipaumbele yenye foleni moja moja, na la mwisho la wote lenye foleni 4. Jumla bado 16, ila ramani siyo ile. Hapo usitumie `sed`. Kaa na karatasi uchore nani anaingia wapi, la sivyo simu za sauti za hoteli utazikuta zinagombana na watu wa filamu.

Pweza wa Forodhani (#12)

Yaani yote haya ili mzungu Paje aangalie Netflix kitandani? 😂

Swali la kweli lakini: mbona hamuizungumzii Onload? Nasikia hiyo huhitaji kubadilisha programu hata herufi.

Mwl. Tunguu (#13)

Kweli huhitaji. OpenOnload ya Solarflare, ambayo Xilinx iliinunua kampuni hiyo 2019 na yenyewe ikanunuliwa na AMD 2022, inajipachika kwa `LD_PRELOAD` mbele ya programu na kuzidaka soketi zake. Programu inadhani inazungumza na Linux. Ni ya seva zinazopokea miunganisho ya TCP na zinazohesabu mikrosekunde, masoko ya hisa hasa. Boksi la kijana halipokei miunganisho, linapitisha pakiti za watu wengine tu. Tena hasa imetengenezwa kwa kadi zao.

Fundi Minara (#14)

Mie nina la kwangu na si la msimbo. Lile boksi nalijua, limo chumba kimoja na betri zangu. Mchana, usiku wa manane, wateja wamelala, bado kori zake zinasoma asilimia mia. Hewa inayotoka nyuma yake unaweza kukaushia dagaa. Umeme ukikatika, yeye ndiye anayenimalizia betri kabla jenereta haijawaka. Sie tuliokuwepo gizani kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 waya wa baharini ulipoharibika, mambo ya umeme hatuyafanyii mzaha. Hivi huyo mkaa barazani hasinzii hata kidogo?

BiMkubwa wa Wete (#15)

Fundi umeuliza swali ambalo wahandisi wa Ulaya walichelewa kuliuliza, kwa sababu bili ya umeme analipa mtu mwingine.

Kwa 16.11 jinsi ilivyoandikwa na watu wengi, hasinzii. Kori inazunguka kwenye kitanzi hata pakiti isipokuja. Njia ya kungoja intarapti wakati hakuna kitu ilikuwepo tangu 2.1, na kuna mfano wake, `l3fwd-power`, lakini ilibidi uiandike mwenyewe na wachache walihangaika. Kuanzia 21.02 kuna msaada ndani ya maktaba: foleni ikiwa tupu kwa muda, kori inapunguza kasi, au inatulia kidogo, au kwa prosesa mpya inalala kwa amri maalumu ikiangalia anwani moja ya kumbukumbu, kadi ikiandika tu inaamka. Kwa hiyo kuhama toleo peke yake kunaweza kukupunguzia joto, mradi kijana aiwashe, haiji yenyewe.

Kwa upande wa pili, kerneli inasinzia bila kuombwa.

Kijana wa Kikwajuni (#16)

Sasa mnanipeleka ninakoogopa. Kwani bado tunaihitaji DPDK?

Nimekwenda kutazama takwimu za boksi saa tatu usiku, muda wetu mzito: gigabiti 3.1 kwa pande zote, pakiti kama laki tatu na tisini elfu kwa sekunde.

BiMkubwa wa Wete (#17)

Ukigawa, pakiti yako ya wastani inakaribia baiti elfu moja. Filamu na masasisho ya simu. Mwalimu alianza na milioni 14.88, wewe hujafika hata nusu milioni. Ile bajeti ya nanosekunde 67 kwako ni nanosekunde 2,500 na zaidi, na una kori ngapi kwenye seva mpya? Kerneli ya leo haitoki jasho.

Tazama LibreQoS, mradi huria uliotengenezwa kwa kampuni za intaneti ndogo kama yenu. XDP inasoma pakiti mapema na kuipeleka kwa kori ya mteja husika, na ugawaji wenyewe unafanywa na HTB na CAKE, mipango ya foleni iliyomo ndani ya Linux. CAKE iliingia 4.19, mwaka 2018. Kila kori ina mti wake, kwa hiyo lile kufuli kuu moja lililokuwa linaua HTB zamani halikai njiani. Na CAKE itakupa kitu `rte_sched` yenu haikupi bila kazi ya ziada: mteja mmoja akipakua faili kubwa, simu ya sauti ya mwenzake nyumba hiyo hiyo haikwami.

Mwl. Tunguu (#18)

Wastani hauvunji boksi, Bi Mkubwa. Kinachovunja ni siku ya shambulio. Mtu akimwaga fremu ndogo kwenye waya wa gigabiti 10, hiyo milioni 14.88 inakuja kweli, na kerneli ya kawaida inapiga magoti. DPDK itazitupa bila kuhema.

BiMkubwa wa Wete (#19)

XDP nayo inatupa. Makala ya walioiunda, mwaka 2018, ilipima kutupa pakiti milioni 24 kwa sekunde kwa kori moja. DPDK kwenye jaribio lile lile ilikuwa mbele, karibu mara mbili, sifichi. Ila milioni 24 inaizidi 14.88.

Na shambulio la kujaza waya, mwalimu, unajua halitibiwi kwenye boksi la kugawa spidi. Waya ukishajaa juu yako, hata ukitupa kila pakiti kwa ustadi, wateja wako hawana pa kupitia. Dawa ni kumwomba anayekuuzia intaneti aitupe anwani ile huko kwake, kwa BGP, kabla haijavuka bahari kuja Unguja.

Mwl. Tunguu (#20)

Hilo la BGP sina jibu. Nakubali.

Lakini bado nitasema: mahali DPDK inastahili, inastahili. Mitambo ya kampuni za simu, swichi pepe za vituo vya data kama Open vSwitch, ruta za programu kama VPP, vipimaji vya mtandao kama TRex ya Cisco. Huko gigabiti 100 ni jambo la kila siku. Wanafunzi wangu nawafundisha, na sitaacha.

BiMkubwa wa Wete (#21)

Wala usiache. Hao watakaokuja kuandika zile za kerneli watatoka humo humo.

Kijana, kama bosi anataka kubaki na msimbo wake, njia ni hii: usiruke kwenda kila toleo linalotoka. Kamata lile la Novemba, ndilo linalotunzwa muda mrefu. Tangu 19.11 wameahidi kwamba ABI, yaani namna programu iliyokwisha kukompailiwa inavyoshikana na maktaba, haivunjwi katikati. Ikivunjwa ni Novemba. Siku hizi yanatoka matoleo matatu kwa mwaka badala ya manne, hata wao wamechoka kidogo.

Kijana wa Kikwajuni (#22)

Nimezungumza na bosi leo asubuhi. Kasema seva mpya iwekwe kando ya ile ya zamani, kwanza kwa Linux yenyewe na CAKE, tuhamishie wateja wa mjini tu. Mahoteli yabaki kwenye DPDK mpaka msimu upungue. Ikienda vizuri, msimbo wa Maskati tunaustaafisha. Isipokwenda, naanza na `rte_sched` na karatasi yangu.

Moja tu: E810 imewaka, ila kerneli inaandika kitu kuhusu "Safe Mode" na naona foleni moja tu. Kadi mbovu?

BiMkubwa wa Wete (#23)

Si mbovu. E810 inahitaji faili la DDP kutoka Intel kila inapowaka, ndilo linaloifundisha kusoma aina za pakiti. Ikilikosa inajiwasha kwa tahadhari na foleni moja. Angalia `/lib/firmware/intel/ice/ddp/`, inawezekana kabisa hukuweka kifurushi cha firmware. Liweke, washa upya, utaziona foleni zote. DPDK nayo italitaka faili hilo hilo, kwa hiyo usilifute mkihama.

Fundi Minara (#24)

Na kabla hujawasha upya nipigie, nina mtu juu ya mnara Bububu.